Mrija Usiopulizwa Haufungwi

Neema mjukuu wangu,

Sisi wazima, babu yako anakohoa ila jembe hajaliacha. Unasema msimamizi anakuharakisha ufunge mrija wa sampuli kwenye valvu ya mashine ya kupimia gesi bila kuupuliza kwanza. Mgomee.

Katika usichana wangu nilifanya kazi hiyo hiyo. Nilikataa kufunga mrija kabla ya kuupuliza kwa hewa ya mtungi, kama tulivyopuliza mirija ya pombe kwetu Murungu kabla ya kuitumbukiza chunguni. Msimamizi akafoka, "Hapa si kilabuni, binti. Funga!"

Nikaweka spana chini. "Funga wewe."

Akaupuliza mwenyewe ili aniumbue. Kikaruka kipande cha chuma, chembamba kama unywele, ambacho kingeikwaruza valvu hadi ivuje.

Nilikitunza miaka yote; nimekibandika hapa chini. Akikufokea tena, kiweke mezani kwake.

Bibi yako,
Kasulu