Kaburi Fupi la Gwasi

Homa Bay,
Agosti 1996

Kwa mpwa wangu mpendwa Mourine,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mjomba wako, mtu ambaye hapa Homa Bay mkutano hauanzi mpaka aketi, na hata chifu akitaka kukohoa hunitazama kwanza. Hujambo huko Migori? Kile kifua kimepoa? Mama yako mwambie goti alikande kwa maji ya chumvi, aache kulalamika. Sisi huku tu wazima, ila usingizi wangu umeharibika kidogo, na sababu ndiyo hii ninayokuandikia.

Nilikuambia juu ya yule mzungu aliyepita sokoni na begi mgongoni kubwa kama kitanda, anatembea milimani tu, analala popote anapokaribishwa. Nikasema, kama mtu asiyejua hata kusalimia anaweza, je mimi ninayejulikana? Nikabeba begi langu, nikaanzia Karungu, nikapanda kuelekea milima ya Gwasi. Na watu, mpwa wangu, watu ni wazuri! Kwa boma moja mwenye nyumba alinipa kitanda chake, yeye akalala kwa mkeka, na asubuhi bado ananiuliza kama kunguni walinisumbua.

Hemed, yule Mwislamu mwenye duka la mwisho kabla ya mlima, alininywesha chai ya tangawizi akakataa pesa yangu, kisha akanionya. Akasema, mzee, huko juu ukiulizwa habari, jibu kwa ufupi, maana kuna watu wanamngojea mtu. Nikamcheka. Nikamwambia basi wanayemngojea ni mimi.

Kufika juu, ilikuwa mchana saa nane lakini ukungu umeshuka, kengele za ng'ombe unazisikia na ng'ombe huwaoni. Kwa boma moja nilimkuta mama mzee amesimama nyuma ya ua wa minyaa, kama aliyeitwa. Hakunisalimu. Aliniuliza tu kama natoka ziwani. Sasa wewe wanijua. Ningesema nimetoka Karungu kwa miguu, hiyo ingekuwa hadithi gani? Nikamwambia natoka ziwani kabisa, mtumbwi ulizama, nikakaa majini siku tatu nimeshika mkia wa kiboko. Hapo kila mtu hucheka. Huyu hakucheka.

Akamwita mwanawe, Tony. Tony aliniangalia miguu, kisha uso, kisha miguu tena. Nikaelekea langoni, wote wakapiga kelele nisipite hapo! Tony akashika panga, akakata ua kule nyuma, wakaniingiza kwa lile tundu. Nikadhani ndivyo wanavyopokea wakubwa. Nikachinjiwa kuku. Nikaletewa shati lililopigwa pasi, likanikaa utadhani fundi alinipima mimi. Watoto walikuwa wakinichungulia, nikigeuka wanatoroka. Mama mzee alikuwa akiniita Ondiege, Ondiege, nami nikaona labda ni uzee, au sikusikia vizuri.

Nikiwa natafuna paja, nikaona kaburi kando ya nyumba, fupi, kama la mtoto. Kwa adabu nikampa Tony pole, nikamuuliza ni mtoto wa nani. Akanijibu taratibu, kama anayesema na mgonjwa: hilo ni lako, ndugu yangu.

Mourine, nililirudisha lile paja sahanini. Akanieleza kwamba ndugu yake Ondiege alizama kule Karungu akivua, mwili haukupatikana, wakazika yago mahali pake, lile tunda refu la mti, kama desturi yetu inavyotaka, ili marehemu apate pa kulala. Na sasa nimerudi, na aliyekwisha kuzikwa haingii tena kwa lango. Mama mzee akatoka na jembe mkononi. Alitaka yago lifukuliwe kabla jua halijatua, maana mtu hawezi kula hapa na kulala pale.

Hapo ndipo akili ilinirudia. Wakilifukua kwa ajili yangu, yule Ondiege wa kweli atabaki hana pa kulala, si kule majini si huku juu. Na ule ukungu, haki ya Mungu, ulikuwa umeondoka boma lote ukabaki juu ya kaburi peke yake. Jembe lilipoinuliwa nikamshika mama mkono. Nikamwambia mimi ni Cephas wa Homa Bay, ziwa limenifika magotini tu, na kiboko nimemwona mbali akipiga miayo.

Tony aliniita mbwa, na mengine siwezi kumwandikia msichana. Mama mzee hakunitukana. Alikaa chini palepale mchangani, akauliza kwa sauti ndogo: basi chakula chake nimempa nani? Halafu akaniambia nivue shati, nitoke kwa lango kama wageni wengine. Nilipokuwa nashuka nilimsikia akiliita lile jina kuelekea ziwani, na kengele zote za ng'ombe zikanyamaza.

Nisalimie mama yako, na jirani yenu Tima, na wote wanaoniuliza. Soma kwa bidii, kula vizuri. Na mpwa wangu, pale juu nimeandika kwamba sikusikia vizuri alipokuwa akiniita Ondiege. Nilisikia. Mara ya kwanza aliniita ningali nje ya ua, kuku bado wanakimbia. Nilikuwa na njaa, Mourine. Niliitika, naam, mama.

Ni mimi mjomba wako,
Cephas