Miaka Aliyoongezwa Baba

Narung'ombe, Ruangwa

Kwako kaka Rahimu,

Assalaam alaykum. Hujambo huko Tunduru, wifi hajambo, na Twalha ameshaota meno? Sisi wazima, na ninaposema wazima naanza na baba. Naam, baba huyo huyo! Naandika kwa mkono kwa sababu mama amekataa nikusimulie kwenye simu. Anasema wewe huweka spika hata mwenye duka akasikia ya kwetu.

Unajua kupulizia mikorosho kulivyomharibu mgongo. Kumbe kila asubuhi alikuwa anameza vidonge vya maumivu na tumbo tupu, huku akituambia ni dawa ya nguvu. Majuzi hapo tumbo likamkaza, likawa gumu kama ubao. Mama hakungoja ushauri wa mtu. Tukampakia kwenye gari la mjomba Bakary mpaka hospitali, Nachingwea.

Dokta Felisian akatuambia vidonda vya tumbo vimetoboa utumbo, apasuliwe upesi. Kisha akatueleza kwa upole kwamba wana alama zao za kukadiria nani atapona: wanatazama presha, muda uliopita tangu patoboke, na umri. Presha ya baba ilikuwa chini, na kwa umri wake, akasema, tujiandae kwa lolote. Ndipo mjomba akakupigia ununue sanda. Mimi nililia mpaka mtandio ukalowa. Mama hakutoa chozi hata moja, na kwa kweli nilimnunia.

Wakampasua, wakaziba tundu. Siku ya tatu baba akaamka akiuliza nani anawafungulia mbuzi, kisha akalalamika uji hauna sukari. Nililia tena, safari hii kwa furaha. Haukupita muda akawa anatembea wodini. Dokta akaita wenzake waje wamwone mzee wa ajabu, wakamzunguka kama bibi harusi. Mmoja wao, mvi kichwa kizima, akamwamkia shikamoo. Baba akaitikia marahaba huku ametukodolea macho.

Hapo mama akashindwa kuvumilia, akasema yote mbele yao. Siku ile tulipofika aliona foleni, na ukutani bango la kuwapisha wazee. Kwa hofu akamwandikisha mumewe miaka sabini na moja ili apite mbele. Baba ana hamsini na saba! Kwa hiyo wakati sisi tunalia, kaka, mama peke yake alikuwa na matumaini, na hakuthubutu kutugawia. Nilimkumbatia pale pale, nikamwomba radhi kwa kumnunia.

Dokta alicheka mpaka akakaa kitandani kwa mgonjwa. Akasema angejua umri wa kweli asingetutisha vile, ila mama asirudie tena.

Vidonge nimevitupa chooni. Wewe njoo, na sanda iache huko huko. Msalimie sana wifi, umbusu Twalha kwa niaba ya shangazi yake. Baba naye anakusalimu. Anasema hawezi kumwacha mke wake aitwe mwongo, kwa hiyo sabini na moja lazima aifikishe.

Mdogo wako,
Zulfa