Tangi la Kuzamia Tulilolijenga Juu ya Jabali

Mpendwa pacha wangu Doto,

Jumamosi tulifungua koki ya tangi. Nimeona bora nikwambie mwenyewe. Maji yalitoka tangu asubuhi mpaka jioni, yakateremka kwenye mawe kuelekea ziwani, na akina mama wa mtaani wakaja na ndoo na nguo zao wakafulia humo humo. Mimi nilikaa juu ya jiwe nikiwatazama.

Unakumbuka siku uliyorudi kutoka pwani na cheti chako cha ualimu wa kuzamia? Ulikuja moja kwa moja karakana, pale Nyamagana ninapochora matangi ya maji, hata kwa mama hujafika. Ulikalia meza yangu ukasema, "Kulwa, nichoree tangi la watu." Nikakuuliza la watu ndiyo likoje. Ukanieleza habari za watu wa Ukerewe, kwamba mtumbwi ukipinduka wanakaa mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, siku baada ya siku wakisubiri mzamiaji atoke mbali, na maiti inaibuka yenyewe kabla hajafika. Ulitaka kuwafundisha wao wenyewe. Ulikuwa umeshajaribu kufundishia ziwani, lakini mwanafunzi akishuka kidogo tu haoni hata kiganja chake. Halafu kuna kichocho. Hilo ulilisema haraka, kama mtu anayetaja mvua.

Kiwanja alichotuachia baba kule Bwiru ni jabali tupu. Ulipiga sururu mara moja, ikadunda, ukacheka. "Basi litakaa juu," ukasema. Tukaanza hivyo, jioni mezani kwa mama, mimi na penseli yangu na wewe ukinisumbua.

Ulitaka la pembe nne, kama bwawa la hotelini. Nikakueleza kwamba maji yanasukuma pande zote na kona ndizo zinazofunguka kwanza, ila duara linaugawa mzigo sawasawa. Ulitaka kina cha watu wawili waliosimamiana mabegani, ili masikio ya mwanafunzi yaanze kuuma na ajifunze kuyazibua. Nikaweka mabamba mazito chini na mepesi juu, na mikanda ya chuma ya kulikaza. Tulielewana kwa yote isipokuwa dirisha. Mimi nilisema huwezi kutoboa ukuta uliobeba uzito wote ule kwa ajili ya kuchungulia. Wewe ukasema, "Aliye ndani ya maji haogopi sana. Anayeogopa ni aliyebaki nje. Acha mkewe aje amwone anapumua." Tukanuniana, mpaka mama akatuuliza, "Hivi mnajenga tangi au televisheni?" Nikalichora, dogo, la kioo kinene, nikalizungushia chuma mara mbili.

Tumbo lako lilikuwa limeanza kujaa wakati ule. Tulidhani unanenepa. Mama alikusihi umeze dawa za kichocho, nawe kila mara ulimjibu hivyo hivyo: "Mama, nikimeza leo, kesho narudi kwenye maji yale yale. Ngoja tangi liishe."

Siku tunasimamisha mduara wa pili wa mabamba, uliinama kuokota kamba ukatapika damu. Ilikuwa nyingi, mafundi wakaacha kila kitu. Hospitali daktari alituambia ini lako limekuwa gumu kwa kichocho cha miaka mingi, pengine tangu enzi zile tulipokuwa tunatumwa maji ziwani tunachelewa kurudi kwa kuogelea, na kwamba mishipa ya kooni ilivimba mpaka ikapasuka. Waliifunga, ukarudi nyumbani. Akakukataza hata kubeba mtungi wa hewa. Ukawa unawekewa kiti pale kwenye jabali, unatuelekeza ngazi ikae wapi na jukwaa lipanuliwe kiasi gani. Sauti yako ilikuwa imekwisha. Mafundi walizima mashine ili wakusikie.

Kisha damu ikarudi, na mara hiyo haikuzuilika. Tulikuzika Sengerema, ubavuni mwa baba.

Watu waliniambia niliache. Nililimalizia kwa sababu sikujua mikono yangu niipeleke wapi. Tukachomelea, tukapiga rangi, tukafunga pampu na chujio, tukajaza maji. Nililizunguka nikipapasa kila mshono, nikitafuta unyevu. Halikuvuja popote. Doto, nilitamani livuje, nipate cha kurekebisha.

Wale wanafunzi wako wa Nansio, kule Ukerewe, walikuja kwa kivuko, kama ulivyowaahidi. Walikuwa watano, na mmoja wao ni yule Mama Bahati uliyenisimulia, ambaye mumewe alizama na hajapatikana mpaka leo. Habari zako hazikuwa zimewafikia. Niliwaambia tukiwa bado mlangoni. Wakanipa pole, halafu Mama Bahati akaomba alione tangi. Alisimama dirishani. Maji yalikuwa maangavu, unaona mpaka sakafu.

"Sasa atatufundisha nani?" akaniuliza.

"Sijui, mama."

"Hamna mwingine?"

"Niliwapigia walimu wa pwani. Mmoja alikuja, akalisifu, akaondoka. Anasema huku hawezi kuishi."

Aliweka kiganja kwenye kioo, akakiondoa. "Twendeni tuwahi kivuko," akawaambia wenzake. Niliwasindikiza mpaka barabarani. Hakuna aliyenilaumu, na ningefurahi kama mmoja angenilaumu.

Baada ya hapo sikuona sababu ya kuwasha pampu. Maji yakawa ya kijani, mbu wakazaliana humo. Mwenyekiti wa mtaa alikuja kwa adabu zote, akakaa, akanywa chai, ndipo akasema watoto wa majirani wanaumwa malaria mfululizo. Ndiyo maana tukafungua koki. Sasa kuna bwana mmoja anayefuga sato kwenye vizimba, analitaka kwa ajili ya kuzalisha vifaranga vya samaki. Atalijaza maji ya ziwa. Ya ziwa, Doto, ndani ya tangi tulilolijenga ili watu wasiyaguse. Nimemkubalia. Niliitafuta hasira nikaikosa.

Wiki hii mama alinishika mkono akanipeleka kupima. "Mliogelea pamoja," alisema njiani. "Sitaki kuambiwa tena." Nikakutwa na kichocho. Nikapewa vidonge, nikavimeza mbele yake, akanitazama mpaka nilipofungua mdomo kumwonyesha. Kisha wakanipiga picha ya tumbo. Daktari ni kijana mchangamfu. Akaniambia nina bahati sana, ini langu ni zima kabisa. Nikabaki pale kwenye kiti nalia, mpaka akanirudishia maneno yale pole pole, moja moja, akidhani sijamwelewa.

Nakuaga hapa, ndugu yangu. Habari njema niliyonayo ni hiyo moja, na sijui niifanyie nini.

Dada yako pacha,
Kulwa