Kununua Nyumba Niliyopanga

Jumanne, 3 Juni
Baridi kali. Nimeuza maharage madebe kumi na mawili, nimefunga kibanda saa kumi na moja. Mama Sikazwe, mwenye nyumba wangu, alikuwa ananisubiri kibarazani. Anahamia kwa wanawe Muze, bondeni kwenye joto. Magoti yake hayaiwezi tena baridi ya huku juu. Nyumba anaiuza milioni kumi na nne, na ameanza na mimi. Miaka kumi na moja nimepanga hapa. Nikamwambia asante.

Ijumaa, 6 Juni
Nimepiga hesabu mara tatu. Vyumba sita. Viwili nakaa mimi na binti yangu Neema. Vinne vina wapangaji, elfu thelathini kila kimoja. Laki na ishirini kwa mwezi. Toa kodi ya serikali, matengenezo, na miezi ambayo chumba kitakaa kitupu. Inabaki kama elfu themanini na saba. Ongeza elfu sitini ninayolipa mimi, itabaki mfukoni. Laki moja na arobaini na saba.

Akiba ninayo milioni tisa. Mtaji wa maharage siugusi. Tano nikope kwenye chama chetu cha akiba na mikopo. Rejesho laki moja na tisini kwa mwezi.

Haifiki. Labda nipandishe kila chumba elfu kumi, itakaribia. Hawa ni majirani zangu. Naona aibu hata kuandika.

Jumapili, 8 Juni
Baada ya ibada nimewaambia wapangaji wote, uani. Kisha Mama Kulwa, yule anayeuza maziwa:

“Umetuambia mapema, Mama Neema, tunashukuru. Lakini elfu kumi zaidi, kwa choo kile?”

Choo kimejaa. Nakitumia kila siku na sikukiweka kwenye hesabu.

Jumatatu, 9 Juni
Fundi amekuja. Kuchimba shimo jipya na kujenga, milioni moja na nusu. Basi, imeshindikana. Nimejikasirikia kwa kujipa matumaini.

Alhamisi, 12 Juni
Nimekwenda kumwambia Mama Sikazwe kwamba siwezi. Nikampa daftari aone mwenyewe. Alisoma taratibu, kidole kikipita kila mstari.

“Choo ni deni langu,” akasema. “Toa milioni moja na nusu kwenye bei, chimba kingine. Saba na nusu nipe sasa. Tano zilizobaki nitumie laki moja kila mwezi. Zikifika Muze zote kwa mkupuo, wanangu watazimaliza kabla mvua hazijaanza.”

Riba hataki. Nikamwambia ni miezi hamsini. Akasema anajua kuhesabu.

Kodi sipandishi mwaka huu. Nililia njiani, mchana kweupe, watu wakinitazama. Mungu ambariki mama huyu.

Jumatatu, 16 Juni
Tumeandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Nimemkabidhi milioni saba na nusu.

Jumanne, 1 Julai
Mama Sikazwe aliondoka Jumamosi. Nimemtumia laki ya kwanza. Mafundi wamefika futi nane, udongo mwekundu umejaa uani.

Mama Kulwa ameleta kodi asubuhi, noti zina harufu ya maziwa. Sikuzihesabu mbele yake. Nikafungua kitabu cha risiti. Kwenye mstari wa mwenye nyumba nikasita kidogo, kisha nikaandika jina langu.