Kiboko Haikatwi

Jumatatu, 3 Machi
Nimesugua kutu ubavu wa kushoto mpaka jua likanishinda. Brashi ya waya imekwisha meno. Kuku wametagia tena chini ya usukani, nikawafukuza. Kiboko ni boti, sio banda.
Ziwa limerudi nyuma, yadi ya boti imebaki nchi kavu. Wapita njia wa Nangwa wananicheka: mama anatunza meli shambani. Wacheke tu, meno ni yao.

Jumatano, 5 Machi
Mwenyekiti wa kijiji katangaza. Kiboko ikatwe, iende chuma chakavu. Mafundi wanakuja Jumatatu na mitungi ya gesi. Eti yadi ni uchafu.
Uchafu! Yadi hii aliianzisha mzungu aliyewahi kuwa mwanamaji vitani. Baba alikuwa fundi wake, na mzungu alipoondoka baba akabaki nayo. Boti tatu ziliundwa hapa, vyuma vikiletwa na lori. Ya kwanza ilikatwa ikawa majembe. Ya pili sasa ni mageti ya ghala la mahindi. Baba alilia mara zote mbili.
Mimi silii. Ya tatu haikatwi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemfuata mwenyekiti kwake. Kaniamkia shikamoo vizuri, kanipa na kigoda. Nikamkumbusha Kiboko ilivyovusha wajawazito kwenda zahanati ng'ambo, barabara zikijaa maji. Wengine hawakuwahi, wakajifungulia humo humo. Yeye mwenyewe kazaliwa chini ya usukani ule. Ndiyo maana mama yake akamwita Gidaboti, yaani wa boti. Siku hizi anataka aitwe Emanueli, au Mheshimiwa.
Kanijibu, "Mama, historia hailiwi."
Hasira imenipanda mpaka masikioni. Nimeondoka bila kumaliza chai.

Jumapili, 9 Machi
Baada ya ibada nimetembea mpaka kwenye boma la mama yake, Bibi Udageda. Mimi Mmbulu, mtu wa jembe. Yeye Mbarbaig, mtu wa ng'ombe. Nilimkuta anatikisa kibuyu cha maziwa. Nikamweleza yote. Kibuyu kikasimama.
Hakujua. Mwanawe hakumwambia.
Kwao, mwanamume akidharau uzazi, hata mahali pa kuzalia tu, kawakosea wanawake wote. Kesi hiyo haiendi kwa wazee. Inakaliwa na baraza la wanawake, na mwanamume haruhusiwi kusogea. Bibi kaniambia nirudi nyumbani nikaoge, kesho nichukue fimbo.
Naogopa. Nitakwenda.

Jumatatu, 10 Machi
Mafundi wamefika na mitungi yao, wakakuta wanawake. Magauni ya ngozi, vitenge, fimbo mikononi. Wa mabomani, na sisi wa mashambani. Tumekaa ndani ya Kiboko, pembeni yake, mpaka kwenye kivuli chake. Mafundi ni vijana wa huku huku, hawakuhitaji maelezo. Mitungi ikarudi garini.
Mwenyekiti kapiga kelele akiwa mbali. Eti yeye Mkristo, mila hazimhusu. Thubutu! Mbona hakusogea?
Bibi Udageda kasimama kwenye usukani, katoa hukumu. Faini ni fahali mweusi. Asipoleta, laana, tena ya mama mzazi.
Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Huyu mamaye kamuwahi.

Jumatano, 12 Machi
Hakuna fahali. Mwenyekiti kasema atawaita mafundi wa mbali, wasiojua mila.
Mkewe kaja na sufuria la makande, kakaa na sisi. Nyumbani hajapika.
Mvua imeanza. Kama anadhani itatufukuza, anajidanganya. Kiboko iliundwa kwa ajili ya maji. Hatuondoki.

Ijumaa, 14 Machi
Mvua imekata alfajiri. Gidaboti kaja peke yake, anavuta fahali mweusi kwa kamba, matope mpaka magotini. Hakutazama mtu usoni. Kamkabidhi mama yake kamba. Mama akaipokea, akamtemea mate ya baraka kifuani.
Wanawake wakatawanyika na fahali wao. Yeye akabaki. Akaniuliza alizaliwa wapi hasa.
Nikamwonyesha, chini ya usukani. Akachuchumaa, akatazama kwa muda mrefu.
Kuku alikuwa amelalia mayai pale pale. Leo sikumfukuza.