Samaki Katika Kibuyu cha Mama Mkwe

Jumatatu, 7 Machi

Nimefagia, nimechota maji, nimeanika unga. Mlenda tena. Jana mlenda, leo mlenda, na kesho nikiamka salama ni mlenda. Ndahani karudi na garimoshi la Tabora, mweusi kwa makaa, akala akasinzia na tonge mkononi. Mume wangu ni mtia makaa wa injini. Nampata vipande vipande tu.

Nimemuuliza tena habari ya safari. Kwetu Bagamoyo mtoto wa kwanza hazaliwi ukweni. Mimba ikifika miezi saba mwanamke hurudishwa kwa mama yake, akazaa huko, akakandwa maji ya moto, akalishwa, ndipo arejee kwa mumewe na mtoto mgongoni. Mie wa nane unakatika na bado niko Dodoma, kwenye kota za reli, natazama mabehewa. Jibu lake lile lile: mpaka mama aridhie. Mama yake yuko Mkonze na ng'ombe wake. Atakuja wiki hii kutoa neno.

Na hamu ya samaki, jamani. Leo nimelia juu ya chungu cha mlenda. Kweli kabisa, machozi yakaingia chunguni.

Jumanne, 8 Machi

Mvua. Paa linavuja pale pale. Bi Tatu kaja kuchambua choroko. Huyu ni jirani yangu wa ukuta mmoja, mtu wa Pangani, mumewe gadi wa garimoshi. Bila yeye ningeshapata wazimu hapa.

Mazungumzo yetu samaki tu. Nikamhadithia tulivyokuwa tukitanda uduvi mlangoni mwa mto Ruvu maji yakipwa. Mmoja huku, mmoja kule, nguo katikati, tope la mikoko mpaka magotini. Mnakwenda polepole, halafu mnainua kwa pamoja. Ukichelewa kuinua, mwenzio anakutukania mpaka bibi yako. Mama yangu hana mshindani. Akiona maji yametetemeka anajua hapa kamba, hapa mkizi. Mkizi hangoji kesho. Anabanikwa kwanza, ngozi ishike moto, ndipo anaingia kwenye tui zito, ukwaju, pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa. Bi Tatu akasema, "Nyamaza, Zuhura, utanizalisha na mie." Mtu ana wajukuu!

Hata papa mkavu wa dukani Majengo nimekatazwa. Ndahani anasema mama yake akisikia harufu ile ndani ya nyumba hatakaa. Kwao samaki ni ndugu wa nyoka. Basi nimetii. Natii mpaka meno yananiuma.

Alhamisi, 10 Machi

Kafika. Kaja kwa miguu kutoka Mkonze, mwembamba, mrefu, shuka begani, hana hata dalili ya kuchoka. Nikapiga magoti, shikamoo mama. Akajibu kwa Kigogo, mbukwa, mbukwa, akanishika tumbo kabla hajanishika mkono. Kiswahili chake kidogo. Ndahani ndiye anayetutafsiria, na nina hakika anapunguza.

Kaniletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu kikubwa, shingo nyeusi kwa moshi. Maziwa yenyewe yananuka moshi. Nimekunywa nimebana pumzi, nikamaliza, akacheka, akasema kitu. Ndahani anasema kasema nitazaa mtoto mwenye mifupa.

Sipendi kumpenda mtu upesi. Lakini kicheko chake nimekipenda.

Jumamosi, 12 Machi

KARIDHIA! Alhamdulillahi. Kasema niende kwa mama yangu, ila mtoto arudishwe kabla ya mavuno, amwone. Ndahani ataomba pasi ya garimoshi Jumatatu ofisini. Mpaka Dar es Salaam kwa garimoshi, kisha lori la Bagamoyo. Nimeshafunga khanga zangu, nimezifungua, nimezifunga upya. Siwezi kukaa. Nimesugua sufuria zote, hata zilizo safi. Bi Tatu ananiambia nitazaa nikiwa nasugua.

Jumapili, 13 Machi

Naandika vilivyotokea, basi.

Asubuhi mama mkwe kaenda kumtazama binamu yake Majengo. Ndahani yuko kazini. Bi Tatu kaja anahema: dimbwi lililo nyuma ya tuta la reli limejaa kwa mvua na kambare wanaruka. Wanaruka! Nilikuwa na furaha ya jana, kichwa kizito kwa furaha. Nikasema twende, tutakula kwake, harufu haitaingia kwangu. Tukatanda kwa khanga yangu ya zamani, mie na tumbo langu, maji mapajani. Bi Tatu mzito wa kuinua lakini tulipata. Tulicheka kama vichaa. Muda ule sikuwa Dodoma.

Cha kubebea sikuchukua ndoo, ndoo ilikuwa na maji ya kunywa. Wakati wa kutoka nilinyoosha mkono nikachukua kibuyu pale ukutani. Kilikuwa kitupu, maziwa yameisha jana. Kwetu kibuyu ni kibuyu. Leo cha maji, kesho cha uduvi, unasuuza unatundika. Haikunipitia akilini hata chembe.

Tuliporudi mama mkwe alikuwa mlangoni. Hakupiga kelele. Heri angepiga. Alikichukua kibuyu mikononi mwangu, akachungulia, akakiinamisha. Kambare wakamwagika chini, mmoja yu hai bado, anajipinda. Hapo mie nikacheka. Sijui kwa nini. Woga. Akanitazama mimi, akamtazama yule kambare, akakaa chini kwenye udongo kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Halafu akainuka, akaokota jiwe, akakivunja kibuyu chake mwenyewe.

Ndahani ndiye aliyenieleza jioni. Chombo cha maziwa hakiguswi na samaki. Kikiguswa, ng'ombe wanakauka. Na kibuyu kile alipewa na mama yake siku ya kuolewa. Amekitunza, amekifukiza moshi miaka yote, akamletea mkamwana wake mjamzito.

Kaondoka bila kuniaga. Neno alilomwachia mwanawe: mtoto atazaliwa Mkonze. Asiyejua maziwa haachiwi mtoto aende naye mbali.

Jumatatu, 14 Machi

Pasi haikuombwa. Nimemwambia Ndahani, wewe si ulijua? Kwa nini hukuniambia habari za kibuyu? Kasema hakudhani kuna mtu duniani wa kuambiwa. Nikawaka. Nikamwambia mama yako analilia kibuyu, mama yangu ananililia mimi. Kanitazama, kachukua kofia yake, kaenda Tabora bila kula.

Nilivuka mpaka. Najua. Simwombi radhi.

Wale kambare jana niliwaokota, nikawaosha, nikawapaka chumvi. Leo nimewakaanga. Mlango wazi, harufu iende mpaka Mkonze ikitaka. Nazi hapa hakuna, nimewaungia karanga zilizodondoka kwenye malori ya Wazungu wa shamba la Kongwa. Nimekula nikilia. Wana ladha ya tope. Hawana hata harufu ya chumvi ya kwetu, chumvi yote ni niliyoitia mwenyewe.

Jumatano, 16 Machi

Sikai. Nikikaa nasimama. Nikisimama mgongo unavuta. Natoka nje, natazama reli, narudi ndani. Reli ile ile ukiifuata inakufikisha pwani. Jambo hili linanitia wazimu.

Nimeamua. Mume wa Bi Tatu yuko zamu kwenye garimoshi la Ijumaa la kwenda Dar. Atanipakia behewa la nyuma. Bi Tatu kakataa, kalia, kakubali. Anaogopa nitazaa njiani. Nami naogopa, lakini naogopa Mkonze zaidi. Kuzaa mbele ya mtu niliyemcheka usoni, asiyejua lugha yangu, aliyenikasirikia. Nikifa je? Nani atamweleza mama yangu nilikufaje?

Naliandika hapa kwa sababu kwa mdomo siwezi kulisema.

Ijumaa, 18 Machi

Nimekaa juu ya sanduku langu stesheni tangu asubuhi. Garimoshi halikuja. Mvua imelisomba tuta huko chini upande wa Gulwe, njia imekatika, hakuna ajuaye itashonwa lini. Mitambo ya Kongwa iko juu ya mabehewa inalowa. Wahindi wa dukani wanagombana na mkuu wa stesheni kwa ajili ya bidhaa zao. Mzungu mmoja anatukana mvua kana kwamba itamsikia.

Mie sikumtukana mtu. Nilikaa tu. Jioni Ndahani akashuka kwenye injini iliyotoka Tabora, akaniona, akaliona sanduku. Akalichukua, akaliweka kichwani, akatangulia. Nikamfuata.

Njiani kasema neno moja: "Ungeniaga." Nimeona aibu. Sijawahi kuona aibu kama hii.

Jumapili, 20 Machi

Mapema mno. Lakini ndiyo yenyewe, Bi Tatu anasema ndiyo yenyewe. Yanakuja, yanaondoka. Ndahani kakimbilia Mkonze. Nimemwambia asiende. Kaenda.

Siwezi

Jumamosi, 26 Machi

Nimepona. Mtoto wa kike. Mdogo lakini ana sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto.

Nimesahau mengi, mengine sitayasahau. Mama mkwe alikuja amelowa, tope mpaka mapajani, na Ndahani nyuma yake hana pumzi, yeye anayo. Alimtoa mwanawe nje kwa mkono mmoja. Akakaa nyuma yangu, akanikumbatia kiunoni, magoti yake mbavuni mwangu, nikawa naegemea mifupa yake. Nilimtukana. Bi Tatu ananiambia nilimtukana vibaya, kwa Kiswahili cha gulioni. Alikuwa anajibu kwa Kigogo, polepole. Nilikuwa naita mama, mama, mama. Kila nikiita, aliyeitika ni yeye.

Mtoto alipotoka hakulia. Akamshika miguu, akampuliza usoni, akamchapa, akampuliza tena. Hapo ndipo kikatoka kilio. Mama mkwe akakaa chini kwenye udongo, miguu mbele, akacheka kile kicheko chake. Na hapo mie nikalia.

Juzi nimemwomba radhi kwa ajili ya kibuyu. Sikumtumia Ndahani, nilisema mwenyewe, kwa Kiswahili na mikono. Sikujua, mama. Na ule mcheko ulikuwa woga. Akafikiri. Akasema, kwa Kiswahili chake: "Mbegu iko. Nitapanda." Akaendelea kumpaka mtoto samli.

Jumatatu, 28 Machi

Njia imeshonwa. Nimesikia garimoshi la pwani alfajiri likipiga honi. Moyo wangu ulinyanyuka kidogo, ukakaa. Ndahani anasema arobaini ikiisha nitakwenda na mtoto, na mama yake kakubali. Najua ni kweli. Lakini leo ndiyo siku ninayomtaka mama yangu. Nimelia asubuhi nzima, bila sababu nyingine. Maziwa yanatoka, machozi yanatoka.

Mama mkwe akamwuliza Ndahani, naye akaniuliza mie: mama yako angekuwa hapa sasa hivi angekupa nini? Nikajibu bila kufikiri. Supu ya samaki. Ilipotoka mdomoni nikatamani kuirudisha. Ndahani akasita. Mama akamtazama, akamlazimisha aseme. Akasema.

Mama mkwe akajifunga shuka, akachukua fimbo yake, akatoka. Nikajua kaenda Mkonze.

Adhuhuri Bi Tatu kaniita dirishani. Mama mkwe anakuja kutoka Majengo. Papa mkavu kafungwa kamba kwenye ncha ya fimbo, fimbo iko begani, papa ananing'inia mbali nyuma yake. Kundi la watoto linamfuata wanashangilia. Hageuki. Hakuingia ndani. Alikoka moto kule mtaroni, upande ambao upepo unapeleka moshi reli, akaazima chungu kibovu cha Bi Tatu, akajiziba pua na mdomo kwa shuka, akapika. Bi Tatu alitaka kumwelekeza, akafukuzwa.

Papa huloweshwa, maji yanamwagwa, yanabadilishwa, mpaka chumvi ilegee, ndipo anasuguliwa mchanga. Yeye hakulowesha. Hakusugua. Kamkata vipande akamchemsha vile vile kama nyama iliyokaushwa, hakutia ndimu wala pilipili. Kalileta bakuli mwenyewe kwa mikono miwili, uso kaugeuzia mlangoni. Kaliweka mbele yangu, akarudi nyuma mpaka kizingitini, akachuchumaa, akanitazama.

Supu ilikuwa chumvi tupu. Mchanga unalia menoni. Ngozi ngumu kama soli ya kiatu. Sijawahi kula kitu kibaya kama kile, na nimekula vya shuleni.

Nimekula yote. Nimekunywa na mchuzi. Akauliza, "Mzuri?" Nikamwambia mzuri, mama. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kuoga.

Nimeshinda nakunywa maji. Mtoto ameamka, nimemnyonyesha.