Manyoya ya Wakili

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Natumaini u mzima, unakula vizuri na kulala mapema. Mimi sijambo, ila goti la kushoto hulalamika ninapopanda ngazi. Umeniandikia kwamba mafunzo yako yanamalizika na kwamba utafika Jumamosi ijayo kumchukua paka wako. Kabla hujafika, yapo mambo ninayopaswa kukueleza kwa utaratibu.

Wakili ni mzima. Hajakonda, macho yake ni ya buluu vilevile, na hajaacha kubisha. Ulinionya kwamba paka wa Siam ni msemaji. Hukuniambia kwamba huendelea kusema hata baada ya kukubaliwa. Nikichelewa kumpa samaki, hunifuata kutoka jikoni hadi bafuni akinisomea mashtaka. Jirani yangu wa juu, fundi cherehani, alinisimamisha kwenye ngazi akaniuliza kwa adabu mtoto mchanga anayelia kwangu ni wa nani. Nilipomwonyesha mtoto mwenyewe, alicheka hadi akakaa chini, akasema kwamba nimeamrisha wodi nzima miaka thelathini, na leo naamrishwa na mwenye mkia.

Mwezi wa pili tangu uondoke, niliona jambo geni. Uliniachia paka wa rangi ya maziwa, mweusi usoni, masikioni, miguuni na mkiani tu. Polepole mgongo wake ukawa kahawia, kama chai inayozidi kukolea. Nilidhani ni uchafu, nawe unajua kwamba uchafu siulei. Nilimwogesha Jumatatu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya watoto, nikamrudia Alhamisi. Alipinga kwa sauti iliyomleta fundi mlangoni. Maji yalitoka safi, na kahawia ikabaki palepale. Fundi aliniomba nimwache mnyama wa watu. Yeye anajua vitambaa, na rangi hiyo, alisema, haichuji.

Basi nikampeleka kwa daktari wa mifugo, binti mwenye miwani na maneno machache. Alimpima joto, akamtazama meno, kisha akaniuliza paka huyu hulala wapi. Nikamjibu kwamba hulala mahali safi. Akanieleza kwamba manyoya ya paka wa asili hii hufuata joto la ngozi: penye ubaridi ndipo rangi inapokolea, na ndiyo sababu masikio na mkia ni vyeusi. Akilala kwenye baridi kwa muda mrefu, mwili wote hukolea. Halafu akasema, bila kuinua kichwa kutoka kwenye karatasi yake, kwamba kwa anavyoona, mama, huyu amepigwa na baridi kwa miezi.

Ndugu yangu, katika barua zangu nne nilikuandikia kwamba Wakili analala sebuleni, juu ya mto uliomletea, karibu na dirisha lenye jua. Hakulala hapo hata siku moja. Nilimlaza stoo, kwenye sakafu ya saruji, pamoja na ndoo na mifagio, kwa sababu sikutaka manyoya kwenye viti vyangu. Kila jioni alinililia nyuma ya mlango, nami nikasema ni maneno yake tu. Ulipokuwa na miaka minane nilikuchapa kwa uongo wa sukari, uliokuwa mdogo kuliko huu, na sikukuachia mpaka ulipoomba radhi. Leo naomba mimi. Nilianza hata barua ya kukusihi uahirishe safari, nikaichana.

Sasa analala kitandani kwangu, upande wa ukutani, pamoja na chupa ya maji moto niliyoizungushia taulo. Daktari alisema manyoya mafupi kama yake inatosha kuyapiga brashi mara moja kwa wiki. Yeye anadai kila asubuhi, na sijapata hoja ya kumshinda. Viti vimejaa manyoya.

Jumamosi utamkuta bado wa kahawia. Ukinigombeza, nitanyamaza. Nina ombi moja tu. Manyoya haya lazima yapukutike ndipo meupe yaote, na hiyo ni miezi ya joto lisilokatizwa. Nyumba yako imefungwa nusu mwaka. Kuta zake zimepoa. Si vyema kumhamisha sasa. Daktari anasema manyoya huota polepole. Mimi sina haraka hata kidogo.

Fundi anakusalimu sana. Njoo na njaa, nitapika.

Ni mimi dada yako mkubwa, anayesubiri hukumu.